UZI: DLSS, FSR na XeSS – tuzilinganishe kwa monita ya 1080p, si kwa 4K

#1 – Mwanzisha uzi

Salaam wakuu.

Kila inapozuka mada ya kununua kadi ya grafiki, mjadala huanza na idadi ya fremu (picha zinazochorwa kila sekunde), huhamia kwenye ukubwa wa memori, na teknolojia ya kukuza picha hutajwa mwishoni kabisa, kama nyongeza tu. Kwa mwenye monita ya 4K (pikseli, yaani nukta za picha, 3840 × 2160), mpangilio huo wa hoja hauna madhara makubwa. Kwa sisi wenye monita za 1080p (1920 × 1080), nadhani tunauanza mjadala upande usio wake, na nitaeleza kwa nini.

DLSS ya NVIDIA, FSR ya AMD na XeSS ya Intel zina lengo moja: gemu ichorwe kwa rezolusheni ndogo, yaani pikseli chache, kisha picha ikuzwe hadi ijae kioo, ili kadi ipunguziwe mzigo. Katika hali ya Quality, upana na urefu wa picha hugawanywa kwa 1.5, katika Performance hugawanywa kwa 2. Sasa tazameni hesabu. Mwenye 4K akichagua Quality, kadi yake inachora 2560 × 1440, na hata akishuka hadi Performance bado anaanzia 1920 × 1080, zaidi ya pikseli milioni 2. Mwenye 1080p akichagua Quality ileile anaanzia 1280 × 720, ambazo ni pikseli 921,600. Akishuka hadi Performance anabaki na 960 × 540, yaani pikseli 518,400, na kutokana na hizo programu inatakiwa ijaze kioo chenye pikseli 2,073,600. Neno kwenye menyu ni lilelile, lakini kazi inayofanyika ni ngumu mara nyingi zaidi.

Ndiyo maana video nyingi za ulinganisho hazitufai. Hupimwa kwa 4K, ambako malighafi ni nyingi kiasi kwamba hata mbinu dhaifu hutoa picha ya kuridhisha, halafu mpimaji huhitimisha kwamba tofauti ni ndogo. Kwa kioo chake yuko sahihi. Ukiyabeba maneno yake ukaenda kununua kadi ya kuchezea kwa 1080p, umebeba kipimo cha mtu mwingine.

Tuangalie kinachotokea ndani. Chukua uzio wa wavu wa chuma ulio mbali kidogo mbele ya mhusika wako. Kwa 720p, waya mmoja wa uzio huo ni mwembamba kuliko pikseli moja, kwa hiyo fremu hii inaunasa na fremu inayofuata inaukosa. Machoni pako uzio unakatikakatika na kumetameta. Tiba iliyobuniwa ni kuisogeza kamera kidogo sana, chini ya pikseli moja, katika kila fremu, ili kila fremu inase kile ambacho iliyotangulia ilikikosa, kisha fremu kadhaa zijumlishwe kuwa picha moja iliyojaa kuliko fremu yoyote peke yake. Vitu vikianza kutembea, gemu huipa programu vekta za mwendo, yaani taarifa ya mahali kila pikseli ilipotoka, ili kumbukumbu ya fremu zilizopita isogezwe mahali pake kabla ya kujumlishwa.

Ugumu wote uko katika kuamua kumbukumbu ipi iaminiwe na ipi itupwe. Mhusika akipita mbele ya uzio, nyuma ya bega lake linafunuka eneo ambalo fremu zilizopita hazikuliona, kwa hiyo halina kumbukumbu yoyote. Programu ikiendelea kuiamini kumbukumbu ya zamani, bega linaacha mkia unaoburuzika. Ikiitupa yote, eneo lile linabaki na pikseli mbichi za 720p, zenye chenga, mpaka fremu kadhaa zipite. FSR 2 na FSR 3 huamua kwa kanuni zilizoandikwa na wahandisi. DLSS tangu toleo la 2, XeSS na FSR 4 huamua kwa mtandao wa neva (programu ya akili bandia) uliofunzwa kwa wingi wa picha. Kwangu mimi, huo ndio mpaka halisi kati ya teknolojia hizi, na haufuati nembo iliyo kwenye boksi.

Historia inaonyesha hivyo. DLSS ya kwanza ilikuja na kadi za NVIDIA za RTX 20 mwaka 2018, na ilipoingia kwenye Battlefield V na Metro Exodus Februari 2019, wachezaji walilalamika, tena kwa haki, kwamba picha ina ukungu. Mtandao ulifunzwa kwa kila gemu peke yake na matokeo yalikuwa duni. Toleo la 2 la Machi 2020 likaja na mtandao mmoja kwa gemu zote, ukitumia kumbukumbu ya fremu na vekta za mwendo, na hapo ndipo mambo yalipobadilika. FSR 1 ya Juni 2021 ilitazama fremu moja tu, bila kumbukumbu, ila ilifanya kazi kwenye kadi nyingi mno na msimbo wake ulikuwa wazi kwa kila mtu. FSR 2 ilianza na Deathloop Mei 2022 na kuleta kumbukumbu ya fremu. XeSS ikafuata mwaka huohuo pamoja na kadi za Arc za Intel. Januari 2025 NVIDIA walitangaza DLSS 4, yenye mtandao wa aina mpya iitwayo transfoma badala ya ule wa awali wa konvolusheni, na Machi mwaka huo AMD walitoa RX 9070 na RX 9070 XT pamoja na FSR 4, ambayo hatimaye nayo iliamua kwa mtandao wa neva.

Kwa 1080p katika Quality, naipanga hivi. DLSS 4 ya transfoma inaongoza, na tofauti yake huonekana zaidi picha ikiwa katika mwendo: maandishi ya bango ukutani yanabaki kusomeka ukiwa unakimbia, na majani hayageuki uji. FSR 4 inaifuata kwa karibu sana, na naiona kuwa bora kuliko DLSS 3 (ile ya mtandao wa konvolusheni) katika gemu nyingi. Baada yao naiweka XeSS ikiwa ndani ya kadi ya Arc, ambako inatumia vitengo vya XMX, sehemu maalumu za kadi za kuendesha mtandao wa neva. XeSS ileile kwenye kadi za kampuni nyingine hutumia njia ya DP4a, yaani hesabu za kawaida za kadi, ambayo ina ubora wa chini kidogo na ni nzito zaidi kwa kadi. FSR 3.1 inakuja chini yake, si kwa sababu ni mbovu, bali kwa sababu kanuni zake zinahitaji pikseli za kutosha, na 720p haina. Nyasi, nywele, mvua na cheche za moto ndizo zinazoisumbua kuliko vyote. FSR 1 kwa 1080p sipendekezi, isipokuwa gemu haikupi kingine.

Kuna mtego mmoja kwa wanaopima XeSS. Kuanzia toleo la 1.3 la mwaka 2024, Intel walibadilisha viwango, na Quality yao sasa hugawanya kila upande kwa 1.7. Anayelinganisha XeSS Quality na FSR Quality anaipa XeSS picha ndogo zaidi ya kuanzia, kisha anashangaa inakuwaje ina fremu nyingi au ukungu mwingi. Inayolingana na Quality ya wenzao ni Ultra Quality.

Sasa kuhusu kununua. Ukizunguka Kariakoo (Dar es Salaam) au Luthuli (Nairobi) kutafuta kadi ya kuweka kwenye kompyuta ya ofisini iliyotumika, utaelekezwa kwenye GTX 1650 ya NVIDIA, kwa sababu matoleo yake mengi hayahitaji waya wa ziada wa umeme. Hiyo ni sababu ya kweli na siidharau. Lakini GTX 10 na GTX 16 zote hazina kori za tensa (sehemu za chipu zinazoendesha mtandao wa neva), kwa hiyo hazitapata DLSS ya toleo lolote, wakati RTX 2060, kadi ya Januari 2019, inapokea ukuzaji wa DLSS 4 hadi leo. Transfoma inaielemea zaidi kuliko inavyozielemea kadi za RTX 40 na 50, na sehemu ya fremu ulizookoa inarudi kulipia ubora huo, lakini bado unachagua mwenyewe. Mwenye GTX 1650 hana la kuchagua zaidi ya FSR na XeSS ya DP4a.

Wala tusifikiri kwamba ukuzaji ni hiari ya mchezaji. Alan Wake 2 ya Oktoba 2023 iliandika mahitaji yake ya chini kabisa kwa 1080p na fremu 30 kwa sekunde, ikiwa tayari imehesabu DLSS au FSR 2 katika Quality. Watengenezaji wakishafika hapo, ubora wa ukuzaji ndio ubora wa gemu yenyewe.

Mkipima wenyewe, msitegemee picha zilizosimama. Mbinu zote hupendeza kamera ikitulia. Zimeni ukungu wa mwendo na chenga za filamu kwenye mipangilio, tafuteni mahali penye miti, nyaya na watu wanaopita, kisha tembeeni kando kwa mwendo wa kawaida. Angalieni pia kitelezi cha kunoa picha, kwa sababu picha iliyonolewa sana hudanganya jicho kuwa ina maelezo zaidi, kumbe ni kingo tu zilizokolezwa.

#2 – Mchangiaji

Shukrani mkuu, somo limeeleweka. Naomba ugusie utengenezaji wa fremu. Kadi yangu inatoa fremu 30 kwa shida katika gemu mpya. Je, nikiwasha utengenezaji wa fremu wa FSR 3 na kaunta ya fremu ikasoma 60, si nimemaliza tatizo?

#3 – Mwanzisha uzi

Mkuu, hapana, na ni vizuri umeuliza kwa sababu ukuzaji na utengenezaji wa fremu vinachanganywa sana, hasa kwa kuwa kampuni zimevipa jina moja.

Ukuzaji unapunguza kazi ya kuchora fremu halisi, kwa hiyo fremu inatoka mapema na gemu inaitikia mapema. Utengenezaji wa fremu unachukua fremu mbili ambazo tayari zimechorwa na kubuni nyingine ya kuweka katikati. Ili ibuniwe ya katikati, ni lazima ile ya pili iwe imekamilika, na ikikamilika inazuiliwa kidogo ili iliyobuniwa itangulie. Kwa fremu 30 kwa sekunde, kila fremu halisi inachukua takriban milisekunde 33. Ukiwasha FSR 3, macho yataona ulaini wa 60, lakini mkono wako utasikilizwa mara 30 kwa sekunde, tena kwa ucheleweshaji ulioongezeka. Isitoshe, kati ya fremu mbili zilizoachana kwa milisekunde 33 vitu vimesogea sana, kwa hiyo ya kubuni inakuwa na makosa mengi: miguu ya mhusika inayeyuka, na maandishi ya skrini yanatetemeka.

AMD wenyewe walishauri uanzie fremu 60 hivi kabla ya kuwasha. Monster Hunter Wilds ya 2025 ilipoandika mahitaji yake ya kupendekezwa kuwa fremu 60 kwa 1080p huku utengenezaji wa fremu ukiwa umewashwa, kilichomaanishwa ni fremu halisi chini ya 60, na sioni kuwa ni sawa kumwandikia mnunuzi hivyo.

Ushauri wangu: shusha vivuli na ubora wa miale ya mwanga (ray tracing), washa ukuzaji katika Quality, fika walau 50 au 60 halisi, ndipo uangalie fremu za ziada. Na mwenye RTX 20 au 30 afahamu kwamba tangu FSR 3.1 sehemu hizi mbili zimetenganishwa, kwa hiyo gemu ikiruhusu unaweza kukuza kwa DLSS na kutengeneza fremu kwa FSR. DLSS yenyewe inatengeneza fremu kwenye RTX 40 na 50 tu.

#4 – Mchangiaji

Kwa heshima zote, mwanzisha uzi anaipa NVIDIA uzito kupita kiasi. RX 6600 ya AMD ina memori ya GB 8 dhidi ya GB 6 za RTX 2060, na bila ukuzaji wowote ina kasi zaidi. FSR inaendeshwa na kadi ya kila mtu, hata GTX za wale ambao NVIDIA yenyewe imewaacha. Tena gemu kubwa zinaweza kutoka bila DLSS kabisa: Starfield ilitoka Septemba 2023 ikiwa na FSR 2 pekee. Mtu akinunua kadi kwa kutegemea DLSS, siku hiyo anafanyaje?

#5 – Mwanzisha uzi

Hoja ya memori ni nzito na naikubali bila kupinga. Ukuzaji haupunguzi ukubwa wa tekscha (picha zinazovikwa juu ya vitu vya gemu), na DLSS yenyewe inahitaji sehemu yake ya memori, kwa hiyo GB 6 zikijaa gemu itakwama kwa vishindo ambavyo hakuna mtandao wa neva utakaoviondoa. Anayecheza gemu zinazobeba tekscha nzito achague GB 8 au zaidi, na kama anaweza kufikia RTX 3060 ya GB 12 basi mabishano haya yanamhusu kidogo.

Kuhusu uwazi wa FSR pia tuko pamoja. AMD waliwabeba watu wenye kadi za zamani wakati wengine hawakufanya hivyo, na hilo ni jema la kweli. Ila uwazi ni haki ya kuitumia, na mimi ninazungumzia picha inayotoka. FSR 4 yenyewe kwa rasmi ilifungwa kwenye kadi za RX 9000, familia ya RX 9070, kwa sababu inategemea hesabu za FP8 (namba za desimali za biti 8) ambazo kadi hizo zinazo. Agosti 2025 msimbo wake ulionekana hadharani kwa muda ukiwa na njia nyingine ya INT8 (namba kamili za biti 8), na wachezaji wakaijenga na kuiendesha kwenye RX 6000 na RX 7000 kwa msaada wa programu ya OptiScaler. Mwenye RX 6600 anaweza kuijaribu. Picha inapanda daraja kwa wazi, lakini inakula fremu zaidi ya FSR 3.1, na hakuna dhamana ya kampuni.

OptiScaler hiyohiyo inajibu swali la Starfield, kwa kuwa inaweza kuchukua gemu yenye mbinu moja na kuweka nyingine. Starfield yenyewe ilipata DLSS rasmi Novemba mwaka huohuo. Onyo moja ninalisema kwa msisitizo: msibadilishe mafaili ya gemu za mtandaoni zenye ulinzi dhidi ya udanganyifu, mnaweza kufungiwa akaunti. Kwa DLSS, programu ya NVIDIA ina kipengele cha kuchagua mtandao mpya katika gemu zilizoidhinishwa bila kugusa faili lolote, na AMD nao wanapandisha FSR 3.1 hadi FSR 4 kupitia draiva kwa wenye RX 9000. Anzeni na njia hizo.

#6 – Mchangiaji

Mimi yangu ni tofauti wakuu. Nina RTX 2060 kwenye mashine ya ofisini yenye prosesa ya Intel i5 ya kizazi cha 4. Nikitoka Quality kwenda Performance, fremu haziongezeki hata moja, picha tu ndiyo inaharibika. Kadi ni mbovu?

#7 – Mwanzisha uzi

Kadi yako ni nzima, mkuu. Ukuzaji unapunguza kazi ya kadi peke yake. Prosesa bado inahesabu idadi ileile ya wahusika, fizikia ileile na maagizo yaleyale ya kuchora, iwe picha ni ya 540p au 1080p. Prosesa ya kizazi hicho ikishafika kikomo chake, kadi inakaa kuisubiri, na kuizidishia nafasi ya kupumzika hakukupi fremu.

Hakikisha kwa kufungua kaunta inayoonyesha matumizi ya kadi ukiwa ndani ya gemu. Ikisoma asilimia 95 na kuendelea, kikomo ni kadi, na kushuka daraja la ukuzaji kutakusaidia. Ikisoma 60 au 70 huku fremu zikiwa chache, kikomo ni prosesa, na hapo vya kushusha ni umbali wa kuona, wingi wa watu barabarani na ufuatiliaji wa miale, ambao nao unaielemea prosesa. Angalia pia kama RAM imewekwa vijiti viwili, kwa sababu mashine nyingi za ofisini huuzwa zikiwa na kimoja.

Na kwa kuwa kadi yako ina nguvu isiyotumika, rudi Quality, au kama gemu ina DLAA iwashe hiyo: ni mtandao uleule ukifanya kazi juu ya 1080p kamili, bila kukuza chochote. Kadi ikiwa bado na nafasi, fremu zitabaki hapohapo zilipo, na picha itakuwa bora kuliko zote ulizojaribu.